Vyumba Vinne vya Moyo wa Kabeya

Dokta Maertens alikuwa hasikii. Lisemwe mapema, maana maelfu ya watu wa Kolwezi walivuliwa mashati mbele yake kwa miaka minne mizima, na hakuna aliyelijua isipokuwa mtu mmoja: Stanislas Kalala, mwuguzi wake. Ukisimama mbele ya dokta ukapanua mdomo, alikuelewa kwa kuisoma midomo yako. Lakini yale madogo yanayosemwa ndani ya kifua cha mtu, wapi! Bomu la vita vya kwao Ulaya liliyamaliza masikio yake yote mawili, naye akaja nayo Katanga hivyo hivyo, akaajiriwa na Kampuni, ile ya migodi ya shaba, kusikiliza mioyo ya watu weusi. Nani angemuuliza?

Wafanyakazi walimwita Bwana Pumua. Kila Jumanne na Ijumaa vijana waliotafuta kazi walipangwa mstari nje ya zahanati, vifua wazi, baridi ya asubuhi inawang'ata. Kila mmoja alipofika mbele yake, dokta alimwekea kile chuma chake cha kusikilizia kifuani, akakunja uso, akasema, "Pumua! Usipumue! Pumua!" Kisha akachukua muhuri. Aliyegongewa neno zuri alikwenda kambini kupewa blanketi na posho. Aliyegongewa baya alirudishwa alikotoka. Na watu walitoka pale wakimsifu: muzungu yule anajua bwana, anasikiliza mpaka mawazo ya mtu!

Aliyesikiliza alikuwa Kalala. Kabla ya kufika kwa dokta, kila mtu alipita kwanza nyuma ya pazia, ambako Kalala alipima uzito na upana wa kifua. Alimzungushia mtu utepe wa kupimia, akainama kama anayesoma namba pale ncha mbili zinapokutana, na alipoinama sikio lake lilikuwa limelala juu ya ngozi, chini ya titi la kushoto. Sekunde ishirini, thelathini. Hakuna aliyeshuku. Walidhani masikini macho yake ni mabovu. Kisha aliandika namba kwa chaki begani mwa yule mtu. Namba peke yake, moyo mzima. Namba yenye mstari chini yake, moyo mbovu. Dokta alitupia jicho lile bega, akafanya maigizo yake ya pumua-usipumue, akagonga muhuri.

Siku walipopatana, dokta alifunga mlango kwanza. "Kalala," alisema, "wakijua watanirudisha kwetu, na atakayekuja baada yangu atakupa ufagio." Kalala akaapa. Hakumwambia hata Ngalula mkewe, mwanamke waliyelala kitanda kimoja miaka saba. Na kusema kweli, alifurahi. Katika Kolwezi yote, ambapo mtu mweusi alimwita mzungu bwana hata huyo mzungu akiwa mtoto wa shule, nani mwingine mweusi alikuwa na neno la mwisho juu ya mtu? Neno lenyewe halikuwa na jina lake, lakini lilikuwa lake.

Moyo aliujua tangu shule ya wauguzi, Elisabethville. Mtawa mmoja mkali alipasua moyo wa ng'ombe juu ya ubao wa jikoni akawaambia vijana waingize vidole, na vidole vya Kalala havikusahau. Vyumba vinne. Viwili vya juu vina kuta nyembamba, kazi yao kupokea. Viwili vya chini vina kuta nene, kazi yao kusukuma. Damu iliyochoka inatoka mwilini inaingia chumba cha juu cha kulia, inashuka cha chini, inasukumwa kwenda mapafuni kuchukua hewa. Inarudi nyekundu, inaingia chumba cha juu cha kushoto, inashuka cha chini cha kushoto, na ukuta wa hapo ni mnene kupita zote, kwa kuwa ndio unaoifikisha damu mpaka kwenye ukucha wa mguu. Kati ya chumba cha juu na cha chini kuna mlango wa ngozi nyembamba unaofunguka upande mmoja tu, umeshikwa na nyuzi nyeupe ili usipinduke. Ule wa kushoto una mabawa mawili; mtawa alisema wazungu wanauita kwa jina la kofia ya askofu. Milango hiyo ya ndani ikijifunga, sikio linasikia *tum*. Ile ya kutokea ikijifunga, linasikia *ta*. *Tum-ta*, *tum-ta*, mara laki moja kwa siku, bila Jumapili. Hilo la bila Jumapili Kalala alilipenda sana.

"Kampuni ikipata mutumishi kama huyu," alimwambia Ngalula, "sisi bote batatufukuza."

Ngalula alicheka. Alizoea hadithi zake za moyo wa ng'ombe.

Mwaka wa hamsini na tano, kiangazi kikianza, Kabeya alishuka kwenye treni. Alikuwa mdogo wake Ngalula, kijana wa miaka ishirini, ametoka upande wa Gandajika huko Kasai, siku nzima na nyingine na nyingine, Kamina, Lubudi, Tenke, mpaka Kolwezi, na kuku mmoja aliyekuwa amekonda kuliko yeye. Mama yao alikufa Kabeya akiwa bado ananyonya, kwa hiyo aliyembeba mgongoni na kumtafunia chakula alikuwa Ngalula. Kule kwao aliacha shamba la pamba. Pamba ya lazima, ile ambayo mtu analimia serikali apende asipende. Polisi wa chifu walikuwa wakimtafuta na kamba. Karatasi yake ya kukaa Kolwezi ilimpa siku thelathini; asipopata kazi, anapandishwa treni ileile kurudi.

"Yaya, mi sirudi kule," alimwambia dada yake siku ileile. "Balimupiga jirani yetu Mukalay fimbo mpaka akakojoa damu. Mi bataniua."

Lakini alikuwa mcheshi, hakukaa na huzuni. Kufika jioni alikuwa amekwisha mfundisha mtoto wao, Simone, kuimba kama jogoo, na aliposikia shemeji yake anapima vifua vya watu kwa utepe, aligonga paja kwa kicheko. "Kumbe shemeki yangu ni fundi wa nguo! Na mi nilisema kule kwetu kama yaya aliolewa na dokta!"

Kalala alicheka pia. Ila alikuwa amekwenda kumpokea stesheni, na kutoka stesheni mpaka kambini, njia ya tambarare, Kabeya alisimama mara mbili akijifanya anatazama mabomba ya kiwanda. Alikuwa anatafuta pumzi.

"Toka utoto eko vile," Ngalula alisema wakila bukari. "Alikuwa na miaka tisa, homa ikamukamata. Magoti yakavimba, leo hii, kesho ingine. Miezi mbili nilimubeba kwa mugongo kama mutoto muchanga."

Homa ile Kalala aliijua. Inapita magotini inaondoka, mtu anashukuru Mungu anatembea tena, kumbe imehamia moyoni, inakaa pale miaka inakausha milango.

"Tata Simone," mkewe akaendelea, maana alimwita kwa jina la binti yao, "we uko mu hospitali. Sema na dokta. Amusikilize vizuri mudogo wangu."

"Dokta njo anasikilizaka moyo," Kalala akajibu, kama alivyojibu miaka yote. "Mi napima tu bifua."

Ijumaa Kabeya akaingia nyuma ya pazia. Akanyanyua mikono mwenyewe, anacheka. "Fundi, nishonee koti. Ya arusi." Kalala akamzungushia utepe, akainama.

*Tum* ilikuwa na kishindo, kama mtu aliyefunga mlango kwa hasira. *Ta* ikafuata. Kisha, pale ambapo pangekuwa kimya, wakati chumba cha juu kinamimina polepole ndani ya cha chini, Kalala akasikia ngurumo nzito, ya chini, kama treni ya mizigo inayopita mbali. Hakuwa na haja ya kusikia mara ya pili, lakini alisikia mara kumi. Mlango wa mabawa mawili ulikuwa umegandamana. Damu ilikuwa inajipenyeza. Mtu mwenye mlango wa namna hiyo anaweza kukaa miaka akichonga vijiko, akachunga mbuzi, akaoa. Ila usimpe sepeto.

Akaandika begani: 84. Mkono ukashuka chini ya namba ukangoja.

Akaiona kamba ya polisi wa chifu. Akamwona Ngalula akilia jikoni na kusema, mume wangu yuko hospitali na mdogo wangu amerudishwa kama gunia lililotoboka. Akajiambia: nitamtafutia kazi nyepesi. Bustani ya dokta, au kufua mashuka. Kwani kazi zote za Kampuni ni sepeto? Akajiambia hivyo, mtu aliyejua moyo kuliko kila mweusi wa Kolwezi, akautoa mkono. Themanini na nne ikabaki peke yake.

"Pumua! Usipumue! Pumua!" Muhuri ukagonga.

Jioni ile Ngalula alipiga vigelegele mpaka majirani wakatoka. Yule kuku wa Gandajika, aliyekuwa amekwisha nona kidogo, akampeleka kwa Dokta Maertens, amefungwa miguu kwa kitambaa safi, kumshukuru kwa kumsikiliza mdogo wake vizuri. Dokta akampokea. Akamla Jumapili.

Na ile kazi nyepesi? Eti bustani! Kazi nyepesi inaombwa kwa karatasi, na karatasi inauliza sababu, na sababu ilikuwa ndiyo ileile ambayo Kalala hakuipigia mstari. Kapita, msimamizi wa vibarua, alitazama mabega ya Kabeya akaona kijana, akampeleka kwenye shimo kubwa la wazi, kusafisha reli za magari ya mawe kwa sepeto, kwa muda wa saa nane kila siku, vumbi la shaba linapaka watu rangi ya kijani mpaka kwenye kope.

Miezi mitatu alivumilia, na bado alikuwa anatania. Mwezi wa nne utani ukapungua. Mvua zilipoanza alikuwa halali tena chini. Alilala ameketi, mgongo ukutani, kwa sababu akijinyoosha anazama. Alikohoa, na mate yake yalikuwa na povu la rangi ya waridi. Kalala aliliona lile povu kwenye kitambaa akajua kila hatua ya safari yake: chumba cha juu cha kushoto kimejaa, hakiwezi kumimina, kimevimba, damu imerudi nyuma mapafuni, na mapafu yanaanza kuvuja. Angeweza kulichora. Hakuweza kulisema.

Ngalula hakukaa bure. Alikwenda sokoni kwa mama mmoja wa kwao Kasai, akanunua mizizi ya kikohozi, akawa anaichemsha kwenye chungu chake cheusi kila asubuhi kama mama yao alivyofanya. Kalala aliionja mwenyewe. Ilikuwa uchungu na maji moto, basi, haina dawa wala sumu. Akamwacha amchemshie, kwa kuwa mtu lazima afanye kitu.

Ilipofika Novemba Kalala akashindwa kuvumilia. Asubuhi moja, kabla ya mstari, akaingia kwa dokta akafunga mlango, akasimama mbele yake na kupanua mdomo.

"Dokta, Kabeya ana mlango wa kushoto uliogandamana. Anahitaji kitanda na matone ya moyo."

Matone yalikuwa palepale kabatini, nyuma ya kioo. Dokta akayatazama, akamtazama Kalala. "Nani aliandika themanini na nne bila mstari?"

"Mimi, dokta."

"Matone yanaandikwa kwenye daftari, kwa jina la mgonjwa wa moyo. Sisi hatuna mgonjwa wa moyo. Muhuri wangu umesema, na muhuri wangu umesema kwa sababu wewe ulisema."

"Dokta, nakuomba. Mke wangu anamchemshia mizizi, kwa kuwa mimi sina cha kumpa."

Dokta hakuwa mtu mbaya. Ndivyo walivyosema wote, hakuwa mbaya. Akafikiri, akampa chupa ya dawa ya kikohozi na siku mbili za kupumzika. Kalala akasema asante. Ndiyo, alisema asante.

Siku ya tatu Kabeya akarudi shimoni, na saa nne asubuhi wakamleta kwenye gari la mchanga. Alikuwa ameanguka na sepeto mkononi, shati limejaa povu. Kalala alikuwa nyuma ya pazia na utepe kwenye kifua cha mtu mwingine. Akautupa, akatoka mbio, akapiga magoti mbele ya mstari mzima wa vijana, akaweka sikio kifuani mwa shemeji yake waziwazi, bila utepe, bila kujificha. Mara ya kwanza katika miaka minne. Hapakuwa na kitu cha kusikia.

Sheria ya Kampuni ilikuwa kwamba anayefia kazini anapasuliwa. Kalala aliomba asiwepo. "Nani atanishikia?" dokta akauliza. Kwa hiyo akamshikia. Alishika vibano, akashika bakuli, na moyo ulipotoka aliushika kwa mikono miwili, kwa kuwa dokta alitaka mikono yake iwe na nafasi.

Mkasi ukafungua kushoto. Chumba cha juu kilikuwa kimetanuka kama mfuko uliobebeshwa kupita kiasi, ukuta umebaki karatasi. Chini yake ule mlango: mabawa mawili mazito, meupe, yameshikana pembeni kote, nyuzi zake zimefupika na kukakamaa, na katikati kimebaki kitundu kama mdomo wa samaki mdogo. Dokta akajaribu kupitisha ncha ya kidole chake kidogo. Haikupita. Kwa tundu lile Kabeya alikuwa amesukuma sepeto miezi mitano, na kucheza na mtoto, na kucheka.

Dokta Maertens hakuwa na masikio, lakini macho alikuwa nayo mazuri. Alitazama muda mrefu. Kisha akanawa, akaketi, akaandika, akamsogezea Kalala karatasi. *Moyo: wa kawaida. Sababu ya kifo: inaelekea ni sumu ya mizizi ya kienyeji.*

"Wewe mwenyewe uliniambia habari za mizizi," akasema. "Saini hapo, shahidi."

"Dokta, si kweli."

"Usiposaini wataleta dokta mwingine kutoka Jadotville, afungue tena. Atauona mlango. Atauliza nani alisikiliza. Utamjibu nini? Kwamba ulisikia, ukaficha?"

Hapo ndipo mtu angetupa kalamu. Tungependa iwe hivyo. Lakini Kalala aliifikiria nyumba ya kambi, ambayo ni ya mwenye kazi. Akamfikiria Simone atakayeanza shule. Akafikiri, na hili ndilo lililomla baadaye, kwamba ni kweli aliua na hataki ijulikane. Karatasi za Kampuni zinalala kabatini, alijiambia, nani atazisoma? Akaandika jina na kazi yake ya uuguzi vizuri kabisa, kwa mwandiko aliofundishwa na watawa: *S. Kalala, infirmier.*

Haikulala kabatini. Siku ya tatu ya matanga, wanawake wameketi kwenye mikeka, Ngalula katikati, miguu ameinyoosha, sauti imekwisha kwa kulia, mkuu wa kambi akaja na mkalimani wake. Wakasimama mbele ya msiba wakasoma. Kwamba marehemu alikuwa na moyo mzima, kama dokta alivyothibitisha siku ya kuajiriwa na tena baada ya kifo. Kwamba ameuawa na mizizi aliyonyweshwa na dada yake. Kwamba dokta, kwa wema wake, ameomba huyo dada asishtakiwe, kwa vile ni ujinga tu. Kwamba iwe fundisho kwa wanawake wote wa kambi. Kisha mkalimani akaingia jikoni, akatoka na chungu cheusi, akaondoka nacho.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Kwa nani? Hapa kilio kilikuja, kikakaa siku tatu, kikala na kunywa, na hakikufichua kitu.

Ngalula hakupiga kelele. Alitazama kila mtu usoni, mmoja mmoja. "Ni mi?" akauliza. "Ni mi nilimuua?" Wanawake wakatazama mikeka yao. Mmoja akaivuta ya kwake nyuma kidogo. Kalala alikuwa amesimama mlangoni na sinia ya vikombe, na angeweza kusema palepale, neno moja tu lingetosha. Alitazama ile sinia.

Baada ya hapo Ngalula alifagia, akafua, akapiga pasi makoti meupe ya mumewe. Ila kitu cha kuingia kinywani mwa mtu hakukigusa. Hakupika, hakukata mkate, hakumimina maji. Jirani yao, Mama Henriette, alikuwa anamlisha Simone pamoja na watoto wake, na Kalala alikula alichopata hospitali. Siku moja alimkuta mkewe amekaa mbele ya sufuria ya unga, mikono ameikalia, anaitazama sufuria kama anayemtazama nyoka. Jumanne na Ijumaa aliendelea kuinama nyuma ya pazia, na sasa alipiga mstari chini ya kila namba aliyoitilia shaka hata kidogo. Vijana wazima walirudishwa kwao wakilia. Dokta aliugonga muhuri wake vilevile.

Jumapili ya nne, baada ya misa, Kalala akafunga mlango, akaketi chini, si kwenye kiti, akamwambia mkewe yote. Alianza na masikio ya dokta. Akasema utepe, akasema chaki, akasema themanini na nne na mstari ambao hakuupiga. Akamwambia vyumba vinne na mlango wa mabawa mawili, na magoti yaliyovimba utotoni, na povu la waridi. "Nilimushika mu mikono, Ngalula. Niliona na macho yangu. Mizizi yako haikumufanya kitu. Mi nilijua toka siku ya kwanza. Ni mi."

Alimaliza akangoja. Alikuwa tayari kwa makofi, kwa mayowe, kwa mwanamke kufunga nguo zake na kurudi Kasai. Aliyataka.

Ngalula akatabasamu, mara ya kwanza tangu msiba, akanyoosha mkono akamgusa shavu.

"Tata Simone," akasema taratibu, "unanipenda sana. Mi sikujua kama unanipenda hivi."

"Sikiliza, mi nasema kweli!"

"Hapana. We unataka kubeba muzigo yangu. Asante. Lakini kambi yote inajua: dokta njo anasikilizaka moyo, we unapimaka bifua. We mwenyewe uliniambia, kila siku, myaka mine."

"Nilikudanganya! Aliniapisha!"

"Muzungu, dokta, hasikii?" Akatikisa kichwa, kwa upole, kama mtu anayembembeleza mgonjwa wa homa. "Na sikio tupu ya muntu mweusi isikie mambo mashine yake haisikie? Tata, acha. Na karatasi je? Mukalimani alisoma jina yako chini. We ulisaini, juu we ni muntu wa kweli. Ungesaini uongo juu ya bibi yako?"

Kalala akamvuta mkewe, akaweka sikio kifuani mwake kama mwendawazimu, akaanza kumtajia, *tum*, hapo milango ya ndani, *ta*, hapo ya kutokea, unasikia? Ngalula alimwacha asikilize, akimpapasa kichwa.

"Ile hata mutoto anajua," akasema. "Ile ni mambo ya ng'ombe yako."

Mlango ukasukumwa, Simone akaingia mbio kutoka michezoni, jasho linamtiririka, anahema. Akasimama mbele ya mama yake, maana mtoto ni mtoto, hakomi kujaribu. "Mama, maji."

Mtungi ulikuwa kwenye kigoda, karibu na kiwiko cha Ngalula, na kikombe juu yake. Ngalula akauondoa ule mkono haraka, akauficha chini ya kitenge.

"Mupe we, Tata Simone," akasema. "We njo uko na mikono safi."

Kalala akasimama, akachota, akampa.